Ushauri Wote wa Manila Isipokuwa Mmoja

Tangu Epiphanie atamke kwamba anakwenda Manila, Fort Worth haikutulia tena.

Na alitamka kwa sauti ndogo, baada ya misa ya Kiswahili, mezani penye chai na maandazi, akimwambia mwanamke mmoja tu. Kufikia kikombe cha pili habari ilikuwa imeshatoka nje hadi kwenye magari. Kufikia saa nane mchana ilikuwa Houston, kwa binamu yake Gaudence, ambaye alijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Gaudence hajawahi kufika Manila. Hajawahi kufika hata Galveston, na bahari iko saa moja tu kutoka mlangoni kwake. Lakini ujumbe ulikuwa umeshiba maonyo: usinywe maji ya bomba, usivae dhahabu, usimpe mtu simu akupige picha, usile kitu chenye macho.

"Kitu chenye macho," Epiphanie alimuuliza mumewe. "Hata samaki?"

"Hasa samaki," akasema Balthazar, ambaye maishani mwake safari ndefu ya hiari ni kwenda Oklahoma kuangalia gari lililotangazwa mtandaoni. Gari lilikuwa bovu.

Epiphanie ana miaka arobaini na miwili. Alizaliwa kwenye kambi moja ya wakimbizi wa Burundi upande wa Tanzania, akakulia kwenye nyingine, akaolewa kwenye ya tatu, na huko kote hakuna aliyemuuliza angependa kwenda wapi. Lori lilikuja, majina yakasomwa, ukapanda. Hata Texas hakuichagua. Siku moja mwaka 2008 jina lake lilibandikwa ubaoni, na mbele ya jina pameandikwa Fort Worth. Wanakambi walibishana wiki nzima kama hilo ni jina la mji au la shirika.

Sasa anafanya kazi kwenye idara ya kufulia ya hospitali. Si kazi ya kuandikia nyumbani barua ya majivuno, ila ina siri yake. Mashuka yakishakauka hulishwa kwenye mashine kubwa ya kuyanyoosha, na mashine hiyo inataka watu wawili: mmoja ashike pembe hii, mwingine pembe ile, wavute kwa pamoja, waachie kwa pamoja. Ukikosea, shuka linaingia upande na mashine inalitafuna. Kwa miaka minane pembe ya pili imeshikwa na Luzviminda, mama wa Kifilipino wa miaka hamsini na minane, mfupi, mcheshi, anayeimba vibaya. Watu wawili wakishavuta shuka pamoja kwa miaka minane hawabaki na mengi ya kufichana. Epiphanie humwita Ate, maana kwao Luzviminda dada mkubwa huitwa hivyo.

Mwezi wa nne Luzviminda alipata mjukuu wa kwanza huko Manila. Mwezi wa tano, shuka likiwa katikati yao, alisema, "Ubatizo ni mwezi wa saba, Jumapili. Nataka wewe uwe mama yake wa ubatizo."

Shuka liliingia upande. Mashine ikalitafuna.

Unaweza kucheka ukitaka, lakini kwa Epiphanie neno hilo halikuwa la mzaha. Yeye mwenyewe ana mama wa ubatizo ambaye hajamwona hata siku moja. Jina limo kwenye cheti: Clothilde. Mama huyo alipangwa kumshika mtoto Jumapili, na Ijumaa lori likaja likamchukua na familia yake kwenda kambi nyingine. Padri hakuwa na muda wa kusubiri, kesho yake alikuwa na watoto sitini kwingine. Mtoto akashikwa na katekista, mwanamume mwenye kikohozi. Miaka arobaini na miwili Epiphanie amebeba jina la mtu aliyekosa kufika. Basi akamwambia Luzviminda, "Nitakuja. Nitamshika mimi mwenyewe kwa mikono hii."

"Unaweza kuwakilishwa, Ate wako hatakasirika," Luzviminda akasema.

"Siwakilishwi."

Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi na kumfanya aamke kuhesabu sabuni kabatini: awe kanisani Manila Jumapili hiyo, amshike mtoto yeye. Mengine yote yalikuwa mapambo.

Mapambo yaliletwa na Patroba.

Patroba ni nesi wa Kikenya kwenye hospitali hiyohiyo, ghorofa ya tatu. Anakaa DeSoto, anaendesha pikapu refu kama jeneza la twiga, na ana digrii mbili, ambazo hakuna hata moja iliyomfundisha kunyamaza. Yeye kweli amefika Manila, tena mara mbili: mara moja kwenye harusi ya nesi mwenzake, na mara ya pili kwa sababu ambayo mkewe Kwamboka akiulizwa huangalia dari. Kwa hiyo alipopata habari alijiteua. Hakuna aliyempigia kura. Jumamosi saa nne alibisha mlango wa Epiphanie akiwa na daftari.

"Dada Epiphanie, keti. Andika."

"Nimeketi, kaka."

Alikuwa amesimama. Wiki hizo alikuwa hawezi kukaa dakika tatu; akikaa anakumbuka sufuria, akifika kwenye sufuria anakumbuka simu.

"Kwanza airport," Patroba akaanza. "Ukitoka nje watakujia wanaume, mam, mam, taksi, taksi. Usiwajibu. Hata mmoja akifanana na Yesu, usimjibu. Ile app ya magari uta-download ukiwa hapa hapa, uweke kadi yako, ndio ukifika unaona bei kabla hujaingia. Na laini ya simu nunua ndani, kabla hujatoka mlangoni. Usikimbilie kutoka. Haraka ndio humaliza watu."

"Na ile fomu?" Epiphanie akauliza. "Amandine amesema kuna fomu."

Amandine, binti yao wa miaka kumi na tisa, alikuwa kwenye kochi na simu yake. "It's online, Mama. I told you."

"Amesema ni ya mtandaoni," Patroba akatafsiri, kana kwamba mama mtu hakai na binti yake. "Unaijaza siku tatu za mwisho kabla ya kufika, si mapema. Wanakupa ile picha ya viboksi vyeusi, unai-screenshot, sababu mtandao wa pale unaweza kukuaibisha. Andika. Pili, foleni. Sisi hapa tukikwama kidogo I-20 tunalia. Sisi ni watoto. Kule kilomita kumi ni masaa mawili. Kukinyesha, matatu. Na mwezi wa saba kunanyesha kila siku. Kanisa liko mbali na kwa huyo mama?"

"Kilomita tisa."

"Utoke na masaa manne mkononi."

Epiphanie aliandika: masaa matano.

Balthazar, aliyekuwa ameegemea mlango, alitoka nje. Akarudi. Akatoka tena. Yeye huendesha folklifti kwenye ghala la Mansfield na kwa kawaida akiwa nyumbani hasogei bila sababu, kama mzigo.

"Huyu anatafuta nini nje?" Patroba akauliza.

"Hewa," Balthazar akajibu kutoka ngazini.

"Hewa gani na ni nyuzi mia moja na tatu za Fahrenheit? Rudi ndani, bwana, hii inakuhusu pia. Tatu, umeme. Plagi zetu zinaingia kwa soketi zao vizuri kabisa. Huo ndio mtego! Umeme wao ni mara mbili ya wetu. Hiyo mashine yako ya nywele ukiichomeka itaimba wimbo mmoja, halafu ife."

"Simu?"

"Simu haina shida, chaja yake inajua kujitetea. Mashine ya nywele acha. Nne, maji. Ya chupa tu, hata ya kupiga mswaki. Na yale maji ya barabarani, mvua ikijaza, usiyakanyage hata yakiwa ya kifundo cha mguu. Yana mkojo wa panya, yanaleta homa mbaya. Mimi ni nesi, si-exaggerate."

"Unazidisha," Balthazar akasema, ameingia tena.

"Nazidisha? Wewe umefika?"

"Mkojo wa panya nimeujua kabla hujazaliwa."

"Sasa hiyo ndio sifa?"

Epiphanie alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, kisha akakumbuka sufuria. Patroba alimfuata jikoni na daftari lake. Noti ndogondogo, kwa sababu dereva wa Manila hana chenji tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Sweta, kwa sababu maduka yao makubwa yana baridi ya mochwari. "Kama hapa tu, hapo utajisikia nyumbani." Kufungua begi kila mlango wa duka, askari anachungulia kwa kijiti, usikasirike, humchungulia kila mtu. Tishu mfukoni, maana choo kitakuwepo lakini tishu ni bahati. Wali asubuhi, wali mchana, wali na kuku wa kukaanga, wali na tambi. Usiulize ugali, utawahuzunisha. Kanisani mabega yafunikwe.

"Mabega yangu yamefunikwa tangu mwaka elfu mbili na nane," Epiphanie akasema. "Kaka Patroba, kule mama wa ubatizo anafanya nini hasa? Anasimama wapi?"

"Hapo sasa umefika kwa mambo ya Wakatoliki. Mimi ni Msabato. Lakini nafikiri maji ni maji."

Alipoondoka aliacha kurasa nne. Nasaha arobaini na moja, zimepewa namba. Baadaye Houston iliongeza sita na jumuiya ikaongeza tisa, moja ikiwa kwamba ndege ikipita juu ya bahari usiangalie chini, kwa sababu bahari huwa inaangalia juu. Epiphanie alizibandika zote kwenye friji, na kila akipita alisoma moja kwa sauti kama mtu anayepimwa macho.

Kazini mashuka yaliingia upande mara tano kwa wiki moja. Luzviminda aliondoka wiki mbili mapema kwenda kuandaa sherehe, na aliyewekwa pembe ya pili hakujua kuvuta. Epiphanie alilala akiwa amevaa saa. Balthazar naye alianza tabia ya kuzunguka majengo ya nyumba zao kila jioni, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka mlinzi akamuuliza kama amepoteza mbwa.

Siku ikafika, Alhamisi. Ndege ilikuwa saa sita mchana, kupitia Seoul. Epiphanie alitaka kuondoka nyumbani saa kumi alfajiri. Patroba, aliyejitolea kuwaendesha, alisema hata rubani atakuwa bado amelala. Walipatana saa kumi na mbili, na saa moja kasoro dakika kumi walikuwa mbele ya kaunta iliyofungwa, wao watatu, sanduku moja kubwa, moja dogo, na mfuko.

Mfuko huo ni wa plastiki, mweupe, ule waliopewa wakimbizi wote walipopanda ndege ya kuja Marekani, umeandikwa herufi kubwa za buluu. Waliambiwa wasiuachie hata wakienda chooni. Wengi hawajauachia mpaka leo. Ukiingia nyumba ya Mrundi wa Fort Worth na kumwomba hati yoyote, ya nyumba, ya gari, ya chanjo, ataingia chumbani na kutoka na mfuko huo, umepasuka mpini, umetiwa gundi.

"Dada," Patroba akasema, akiuangalia, "unahitaji passport na simu. Basi. Hivyo vingine vya nini?"

"Wakiuliza?"

"Wakiuliza nini?"

"Wewe hujui wanavyouliza," akasema Epiphanie.

Walisubiri saa mbili. Epiphanie alikwenda chooni mara sita. Balthazar alizisoma mbao zote za ndege, akaanza upya. Patroba alinunua kahawa, akaikuta ya moto, akailaumu Marekani.

Saa tatu kaunta ilifunguliwa na Epiphanie alikuwa wa kwanza. Binti wa kaunta alikuwa mpole, ana kucha za rangi ya zambarau. Alichukua pasipoti, ya buluu, mpya, haijawahi kugongwa muhuri hata mmoja. Akabofya. Akabofya tena. Kisha akauliza kwa Kiingereza, polepole, "Na tiketi ya kurudi?"

Epiphanie akaingiza mkono mfukoni. Akatoa cheti cha ubatizo. Akatoa kadi za chanjo, za kwake na za watoto. Akatoa barua ya mwaka 2008 inayosema kwamba fleti iko tayari na ina meza. Akatoa picha kubwa ya eksirei ya kifua chake mwenyewe, ile waliyopigwa wote kabla ya kuruhusiwa kuja, akaiweka kaunta, mbavu zikielekea juu.

Binti aliziangalia mbavu kwa heshima. "Hapana, mama. Tiketi ya kutoka Manila. Wale hawakuruhusu kuingia kama huna tiketi ya kutoka, na mimi siwezi kukupandisha. Hapa naona ya kwenda tu."

"Ndiyo," Epiphanie akasema. "Ya kwenda."

Patroba akasogea. "Wait. Dada. Ulinunua one way?"

"Nilinunua tiketi."

"Ya kurudi iko wapi?"

"Si ninanunua kule? Mtu ananunuaje ya kurudi na hajafika? Ukifika unaangalia, unajua panakalika au hapakaliki, ndipo…" Aliangalia mfuko, akaangalia eksirei, akamwangalia Patroba. Aliinunua mwenyewe, wakati wa mapumziko, kwenye simu, bila kumwita Amandine, na alijivuna siku tatu. Simu ilimuuliza kwanza kabisa: kwenda na kurudi, au kwenda tu? Akabonyeza kwenda tu bila hata kupepesa jicho. Safari nyingine za aina gani zilikuwepo? Lori la kurudi hakuwahi kuliona.

Nasaha arobaini na moja, jumlisha sita, jumlisha tisa. Panya, plagi, samaki mwenye macho. Hakuna hata mtu mmoja aliyeandika: nunua ya kurudi. Nani atamwandikia mtu jambo kama hilo? Ni kama kumwandikia avae viatu. Patroba alifungua mdomo, akaufunga. Walioshuhudia, yaani Balthazar, wanasema ilikuwa mara ya kwanza.

"Ninafika Ijumaa usiku," Epiphanie akamwambia binti, sasa akizungumza Kiswahili bila kujua. "Ubatizo Jumapili. Ndege hii ikiniacha sifiki. Niambie nisaini wapi."

"Naweza kukutafutia ya kurudi sasa hivi," binti akasema, Patroba akitafsiri. "Una saa moja na nusu. Unataka kurudi tarehe gani?"

"Mwambie anipe yoyote."

"Anasema uchague."

"Nani huwa anapanga?"

"Hakuna anayepanga, dada! Ni wewe!"

"Waulize wao."

"Wao akina nani?"

Epiphanie alitazama nyuma ya kaunta, kulia, kushoto, akitafuta meza yenye mtu mwenye orodha. Hakukuwa na meza. Kulikuwa na binti wa kucha za zambarau aliyesubiri, na nyuma ya Epiphanie foleni ya watu waliokuwa wameanza kuhema kwa sauti.

Hapo ndipo Balthazar aliposogea na kusema kitu ambacho hakuna aliyemuuliza.

"Mimi niliiona."

"Uliona nini?"

"Tiketi. Ilikuwa kwenye barua pepe yetu. Wiki ya tatu sasa. Niliona ni ya kwenda tu."

"Ukanyamaza?"

"Nikasema labda ndivyo unavyotaka."

"Ninavyotaka nini, Baba Amandine?"

Balthazar alikuwa akiviangalia viatu vyake vya kazi. "Kwenda."

Foleni haikujua Kiswahili wala Kirundi lakini ikaacha kuhema. Patroba alijifanya anasoma eksirei.

"Wiki tatu," Epiphanie akasema. "Wiki tatu unazunguka nyumba kama kuku aliyekatwa kichwa, mlinzi anakutafutia mbwa, na unadhani mimi nakuacha? Nikuache niende kula wali?"

"Mtu ataulizaje swali kama hilo?"

"Kwa mdomo! Unao!" Akampiga begani kwa pasipoti, si kwa nguvu sana. Kisha akamgeukia binti, akavuta kalenda iliyokuwa kwenye kaunta, akaisoma kama mtu anayenunua nyanya, akizibonyeza tarehe moja moja. Balthazar alisema akae wiki mbili, amechoka, apumzike. Patroba alipata sauti yake na kusema wiki mbili za mvua ni adhabu, siku tisa zinatosha, na Jumanne ndege huwa hazijai. Gaudence, kama aliyenusa, alipiga simu kutoka Houston, na hakuna aliyepokea.

"Jumatano hii hapa," Epiphanie akasema, kidole juu ya tarehe.

"Kwa nini Jumatano?" Patroba akauliza.

"Sijui. Niache nisijue."

Balthazar alitoa kadi yake kabla binti hajaomba. Mashine ikatema karatasi mbili. Epiphanie aliisoma ya pili mara tatu, akaikunja, akaitia kifuani ndani ya sidiria, mahali ambapo hajawahi kuweka kitu kisicho cha thamani. Mfuko mweupe aliuangalia kidogo, akampa Balthazar pamoja na mbavu zake. "Usiuachie hata ukienda chooni," akamwambia, na akaenda mbio kwenye ukaguzi, viatu mkononi tayari, ingawa ukaguzi ulikuwa bado mita mia moja mbele.

Kuhusu safari yenyewe, mimi na wewe tutaokoa muda. Kwenye ndege aliangalia chini; bahari haikumwangalia. Manila alipotoka nje wanaume wakamwita mam, mam, akawapita kama nguzo. Gari la kwenye app lilifika. Kuhusu foleni, Patroba hakuzidisha hata kidogo, na ikabidi mtu akiri hivyo. Jumamosi aliichomeka mashine ya nywele, kwa sababu ukurasa wenye nasaha ya tatu ulidondoka kwenye friji wiki ile na kuingia chini ya jiko, na mashine iliimba wimbo mmoja.

Jumapili ubatizo ulikuwa saa mbili asubuhi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri Epiphanie alikuwa kanisani, amevaa imvutano, vazi la heshima la Kirundi, la kijani, mwavuli mkononi na viatu vya mpira miguuni. Mfagiaji alimfungulia mlango. Ilipokaribia saa mbili, watu wakaanza kuingia: akaingia mama mmoja amevaa nguo nyeupe, ana mshumaa. Akaingia wa pili, mshumaa. Wa tatu. Wa saba.

"Ate," Epiphanie akamnong'oneza Luzviminda, "hawa wenye mishumaa ni kwaya?"

"Ni mama wa ubatizo."

"Wa mtoto gani?"

"Wa kwetu. Mko kumi na wanne." Luzviminda aliona uso wake. "Kwetu ni hivyo. Kila mmoja ni baraka, mtoto akikua anakuwa na watu wengi wa kumsaidia. Hukujua?"

"Nimevuka dunia kuja kuwa wa kumi na nne?"

"Hakuna namba, Epiphanie."

"Anayemshika ni nani?"

Luzviminda alitazama pembeni. Kule mbele, karibu na binti yake aliyembeba mtoto, alisimama mama mmoja mwenye manukato yaliyofika kabla yake: bosi wa binti huyo, kutoka benki. Ilieleweka kwamba ndiye atakayemshika. Mambo kama hayo hayasemwi, popote duniani. Wengine kumi na wawili walikuwa wameshajipanga nyuma yake kwa adabu.

Padri alikuwa kijana, ana haraka, ubatizo mwingine unamngoja. Alisoma, akabariki maji, akafunga kitabu kwa kidole, akauliza kwa Kiingereza, "Basi, nani anamshika mtoto?"

Macho yote yakaenda kwa mama wa benki. Naye akainamisha kichwa kidogo, kwa unyenyekevu wa mtu anayesubiri kubembelezwa mara ya pili.

Hakubembelezwa. Viatu vya mpira vilisikika vikilia kwenye sakafu, nyi, nyi, nyi, kutoka safu ya nyuma kabisa. Epiphanie aliwapita wote kumi na wawili, akampita wa kumi na tatu, akampa mwavuli wake aushike, akanyoosha mikono mbele ya mama wa mtoto.

"Mimi," akasema.

Msichana akamwangalia mama yake. Luzviminda, machozi tayari yako kidevuni, akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mtoto akahamia mikononi mwa Epiphanie, mzito, wa moto, ana hasira.

Fort Worth ilikuwa saa moja ya Jumamosi jioni, jua bado linachoma vioo vya magari, na Balthazar yuko nje akizunguka, simu mbele ya uso kwa sababu mtu fulani kule kanisani alikuwa amempigia kwa video na kuielekeza kamera kwenye dari. Alisikia maji. Alisikia mtoto akilia kwa mapafu yote. Kisha kamera ikayumba na uso wa mkewe ukajaa kioo.

"Amenikojolea," Epiphanie akasema.

"Nani?"

"Mwanangu. Imvutano yote, mpaka kwenye tiketi."

"Si umrudishe kwa mama yake sasa?"

Nyuma yake ilionekana mikono ya akina mama, mingi, yenye pete, ikinyooshwa kwa zamu kuja kumpokea mtoto.

"Wajaribu waone," akasema Epiphanie, akawageuzia mgongo.